Minecraft, Roblox, Second Life au Luanti: ipi inamfaa mtu wa Mtwara na Lindi?

Watu wengi wakilinganisha dunia za mtandaoni huanza na sura: ipi inapendeza zaidi, ipi maji yake yanang'aa. Kwetu huku kusini mimi huanza na swali jingine. Rafiki unayetaka kucheza naye yuko wapi, na ili mkutane ni bando la nani litakaloungua? Kijana wa Chikongola anayetaka kujenga na jirani zake watatu hana haja ya seva, yaani kompyuta inayobeba dunia ya wachezaji wote, iliyo Marekani. Binti wa Nachingwea ambaye wenzake wote wamehamia Dar es Salaam anataka kitu kingine kabisa. Na mtu mzima wa Lindi mjini anayependa kuzungumza na wageni usiku, ukimpeleka kwenye gemu la watoto utakuwa umemkosea heshima.

Ninalinganisha dunia nne: Minecraft, Roblox, Second Life na Luanti. Ili nisibaki kwenye maneno matupu, kote nimejaribu kujenga kitu kilekile: birika, yaani bwawa la kujengwa, la pembe nane la jumba la kale la Husuni Kubwa, kule Kilwa Kisiwani. Jumba lile lilijengwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, juu ya genge linalotazama bahari. Nyumba ya kawaida ya pembe nne haikupi picha ya tofauti zilizopo, maana kila gemu linaiweza. Pembe nane ndizo zinazomuumbua mjenzi.

Luanti: ya kuanza nayo kama hela ni ya mawazo

Luanti wengine bado wanaiita Minetest, jina lake la zamani lililobadilishwa Oktoba 2024. Ilianzishwa mwaka 2010 na Perttu Ahola wa Finland, nayo ni programu huria: hulipii chochote, haikuletei matangazo, haikuombi kadi. Inaingia kwenye Android, Windows na Linux, na hata ile kompyuta ya zamani uliyoiweka juu ya kabati inaweza kuiendesha. Kwa kuwa ni huria, kumrushia mwenzako faili la programu kwa Bluetooth si wizi. Mmoja anashusha, mtaa mzima unapata.

Kuna jambo moja linalowachanganya wageni. Ukiifungua mara ya kwanza huoni dunia yoyote. Luanti yenyewe ni injini tu, na michezo unaichagua ndani yake, kwenye sehemu ya maudhui. Anayetaka kitu kinachofanana na Minecraft achukue VoxeLibre. Hapo ndipo utahitaji bando, tena kidogo. La siku linatosha na chenji inabaki.

Baada ya hapo mtandao unaweza kuzima kabisa. Mmoja azime data na kuwasha hotspoti, wenzake wajiunge. Mwenye hotspoti anaanzisha dunia akiwa ameweka alama kwenye kisanduku cha kuwa seva, kisha wengine wanaandika anwani ya simu yake, ambayo mara nyingi huanza na 192.168, na namba ya mlango 30000. Wameingia. Niliwaachia watoto wa dada yangu simu mbili na kompyuta moja, wakajenga mpaka magharibi. Mdogo wao akaja mbio jikoni: "Mjomba, bando limekata lakini sisi bado tunacheza!" Hakuamini. Kwa watoto wa leo, gemu na bando ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa mwalimu mwenye lab ya kompyuta na hana intaneti ya kuaminika, sioni mshindani. Kompyuta moja inakuwa seva, nyingine zinaingia kwa waya au Wi-Fi ya ndani, na darasa zima linajenga kijiji kimoja. Wanafunzi wakikomaa wanaweza kuongeza vitu vyao wenyewe kwa Lua, lugha ya kuandikia programu ambayo ni nyepesi kwa anayeanza.

Birika langu lilitoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Kwenye mchezo wa Minetest Game uliowekewa nyongeza ya More Blocks unapata msumeno wa mviringo: unaweka bloku (tofali la mle ndani), unatoa vipande, vikiwemo vya mteremko, kwa hiyo pembe hazibaki na meno.

Upande wa marafiki wa mbali ndipo inapopwaya. Seva za wazi zipo, unaingia kwa jina na nywila tu bila barua pepe, lakini wengi utakaowakuta wanaandika Kiingereza, Kijerumani au Kirusi. Halafu hakuna kampuni moja inayosimamia tabia za watu. Kila mwenye seva ana sheria zake. Mtoto acheze na anaowafahamu kwanza, huko nje aende baadaye.

Minecraft: inalipiwa mara moja, na inadumu

Hii ndiyo kaka wa ukoo. Markus Persson wa Sweden aliitoa kwa umma Mei 2009, toleo kamili likaja Novemba 2011, na mwaka 2014 Microsoft ikainunua kampuni ya Mojang kwa dola bilioni 2.5. Kufikia mwaka 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimeuzwa. Takwimu hizo zina maana kwako kwa njia moja tu: chochote unachotaka kujifunza kuihusu, kuna mtu ameshakirekodi video.

Ipo ya aina mbili, na ukikosea hapa utajuta. Java ni ya kompyuta. Bedrock ni ya simu, Windows na mashine za gemu. Mwenye Java hawezi kuingia kwenye dunia ya mwenye Bedrock bila ujanja wa ziada kwenye seva. Kwa kuwa rafiki zako wengi wana simu, Bedrock ndiyo yako. Kwenye Play Store bei yake ni kama dola 7, unalipa mara moja basi. Kikwazo ni kulipa kwenyewe: unahitaji kadi, iwe ya benki au ile ya mtandaoni inayotengenezwa kupitia pesa za simu. Zile nakala za bure zinazozunguka mitaani achana nazo. Zinakuja na matangazo, wakati mwingine na virusi, na siku rafiki yako anasasisha ya kwake wewe unabaki nje.

Nayo inacheza kwenye Wi-Fi moja bila intaneti, kama Luanti, ila kila simu iwe na nakala yake iliyolipiwa. Vijana wanne ni dola 28. Hapo ndipo wengi huku wanaposhindwa. Lakini ukitaka kucheza na mwenzako aliye Dodoma, Minecraft inaipita Luanti kwa urahisi: kila mmoja anafungua akaunti ya Microsoft, ambayo ni bure, mnaongezana urafiki, na dunia yako ikiwa wazi anaingia moja kwa moja. Kuna pia Realms, seva ya kukodi kwa mwezi, ambayo inabaki hewani hata wewe ukiwa umelala. Kwa kikundi kinachochangishana inalipa. Kwa mtu mmoja sioni sababu.

Sasa birika. Kwenye Minecraft kila kitu ni bloku ya mita moja, na hakuna kulaza ukuta mshazari. Ukuta wa mshazari unapanda kama ngazi, bloku moja mbele, moja kando. Pembe nane zitoke sawasawa ni suala la hesabu. Upande ulionyooka niliupa mabloku 7. Upande wa mshazari nikaupa hatua 5, kwa sababu 5 mara 1.41 ni 7 na chembe. Saba, tano, saba, tano, mpaka umezunguka. Upana wote unatoka mabloku 17. Ukisimama karibu unaona meno ya ngazi, ukirudi nyuma kidogo jicho linakubali kwamba ni pembe nane.

Kilichonifurahisha zaidi ni mawe. Minecraft ina bloku za matumbawe, ziliongezwa mwaka 2018 katika sasisho la mambo ya bahari. Zikiwa majini zina rangi kali. Zikikosa maji zinakufa na kugeuka kijivu. Kijivu hicho kinakaribia sana kuta za Kilwa, kuliko bloku yoyote ya jiwe niliyojaribu. Maji nayo ni rahisi hadi inachekesha: chimba shimo la 2 kwa 2, mwaga ndoo mbili kwenye kona zinazotazamana, na una kisima kisichokauka. Watu wa Newala waliozoea kupanga madumu juu ya uwanda wa Makonde wanaruhusiwa kununa.

Kwa anayependa kutembea tu, dunia inajitengeneza kadri unavyosonga: misitu, mapango, vijiji, bahari, huwezi kuimaliza. Siku moja ya mle ndani ni dakika 20 za huku, na giza likiingia mazimwi hutoka, ila ukichagua hali ya ubunifu hayakudhuru. Mtoto mwenye hofu muanzishie huko kwenye ubunifu.

Wazazi wanaodhani ni upuuzi mtupu wajue kwamba UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao yake makuu Nairobi, limekuwa likiitumia tangu mwaka 2012 kupitia mradi wa Block by Block. Wakazi wanachora wenyewe viwanja na maeneo ya wazi ya mtaa wao ndani ya Minecraft kabla wahandisi hawajashika kalamu. Ukimkuta mwanao anapanga upya stendi ya Mtwara, usimfokee kabla hujaangalia alichofanya.

Roblox: marafiki wengi, kujenga kidogo

David Baszucki na Erik Cassel waliifungua kwa umma mwaka 2006. Kuingia ni bure, ndiyo maana iko kwenye simu nyingi. Roblox ni rundo la michezo iliyotengenezwa na watumiaji wenyewe. Leo unaendesha duka, kesho unakimbizwa na zimwi. Mwaka 2025 mmoja wao wa kulima bustani, Grow a Garden, ulifikia wachezaji zaidi ya milioni 20 kwa wakati mmoja. Kupanda mbegu, kusubiri, kuvuna, kuuza: mtoto wa mkulima wa korosho Tandahimba anayafahamu hayo, isipokuwa mle ndani hakuna kusubiri mnada.

Kwa urafiki wa haraka haina mpinzani kati ya hizi nne. Unamwongeza mtu, unaona yuko mchezo gani, unabonyeza, umemfuata. Yule binti wa Nachingwea na wenzake walio Dar es Salaam hapa ndipo watakapoonana bila gharama ya kununua kitu. Avatari, yaani mwili wako wa mle ndani, inavaa hijabu, kofia, chochote.

Lakini bila mtandao hakuna Roblox. Hotspoti ya jirani isiyo na data haikusaidii kitu. Kila mchezo unaoingia unashusha vitu vyake, na mtoto anayeruka kutoka mchezo hadi mchezo anakula bando kuliko anayetulia kwenye mmoja. Ukiwa sehemu ambayo mtandao unacheza cheza, utatolewa katikati ya mbio.

Kuhusu kujenga, kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti: mchezo unachezwa kwenye simu, ila karakana yake, Roblox Studio, inahitaji kompyuta ya Windows au Mac. Mwenye simu peke yake anabaki mgeni kwenye nyumba za wengine, labda apange vitu vichache ndani ya mchezo unaoruhusu. Mwenye kompyuta anafaidi sana. Birika langu lilichukua muda mfupi: ukuta mmoja, nakala zake saba, kila mmoja ukigeuzwa nyuzi 45 zaidi ya uliotangulia, hakuna meno ya ngazi wala hesabu ya 1.41. Ukitaka mlango ufunguke au maji yamzamishe mtu, unaandika kwa Luau, ndugu wa Lua ileile ya Luanti. Kijana anayewaza kazi ya kutengeneza programu, na ana kompyuta na mtandao, mpeleke Roblox Studio kabla ya Minecraft.

Suala la usalama silipiti haraka. Roblox imelaumiwa katika nchi mbalimbali kwa watu wazima wanaowafuata watoto, na Uturuki iliifungia Agosti 2024. Novemba 2025 kampuni ilitangaza kwamba anayetaka kuchati lazima umri wake upimwe, kwa kamera ya uso au kwa kitambulisho, na utaratibu huo ukaanza kusambazwa dunia nzima Januari 2026. Anayepita anachati na watu wa rika lake au la karibu. Hiyo ni hatua nzuri, ila haiondoi kazi ya mzazi. Fungua akaunti ya mzazi, iunganishe na ya mtoto, weka tarehe ya kuzaliwa ya kweli. Na mwambie mapema: yeyote anayemwomba wahamie WhatsApp, amalize mazungumzo hapohapo.

Jingine ni Robux, pesa ya mle ndani. Hakuna Robux za bure. Tovuti na video zinazoahidi hivyo zinatafuta nywila ya akaunti au namba ya simu ya mama. Simu yenye pesa na simu ya gemu zisiwe moja, na kama haiwezekani, namba ya siri ibaki kichwani mwako.

Second Life: ya watu wazima wenye kompyuta na subira

Second Life ni ya Linden Lab ya San Francisco, na imekuwa wazi tangu Juni 2003. Hakuna zimwi, hakuna pointi, hakuna kushinda. Unafika, una mwili, unaruka angani ukitaka, unakutana na watu. Watu wanafungua maduka ya nguo, kumbi za muziki, makanisa, misikiti, vyuo. Mwaka 2007 Maldives na Sweden zilifungua hadi balozi mle ndani. Enzi ya kelele hizo imepita, wakabaki wanaoipenda kweli, wengi wao wakiwa wa umri wa makamo. Kwa mazungumzo marefu, ya watu wanaokaa chini na kusikilizana, ndiyo ninayoipa alama za juu.

Mtoto asiingie. Maeneo yamegawanywa kwa viwango vitatu, na cha juu ni cha mambo ya chumbani waziwazi.

Inataka kompyuta yenye nguvu kiasi na mtandao usioyumba. Picha zote zinatoka kwenye seva, hivyo ukifika sehemu mpya unaona kwanza watu wa kijivu wakijaa rangi polepole. Kwa bando la simu itakuumiza. Ukiwa na intaneti ya waya au ya mwezi isiyo na kikomo, sawa.

Kuna suala la saa ambalo hulikuti ukiwa Marekani. Matukio mengi yanatangazwa kwa saa za California. Dansi ya saa moja jioni ya kule ni saa kumi na moja alfajiri Mtwara, au saa kumi na mbili miezi ya baridi yao. Unatoka msikitini, wenzako ndiyo wanaanza kucheza muziki. Dawa yake ni kutafuta vikundi vya Ulaya: saa mbili usiku ya Berlin ni saa tatu ya kwetu majira yao ya joto, saa nne majira ya baridi. Urafiki wa kudumu unahitaji watu mlio macho pamoja, kwa hiyo chagua kikundi kwa saa zake kabla ya kuangalia mandhari.

Kujenga ni palepale uliposimama. Unabofya ardhi, unatoa boksi, unalivuta, unaandika namba ya mzunguko unayotaka, nyuzi 45 ikiwa ni 45. Ukuta wa birika niliunakili kwa kuuvuta huku nimeshika kitufe cha shift. Picha ya ukuta halisi wa matumbawe unaweza kuipandisha na kuibandika juu yake kwa Linden dola 10, ambazo hazifiki senti tano za dola ya Marekani. Kila kitu unachotengeneza kinabaki na jina lako kama muundaji, na unaamua anayekipata aweze kukinakili, kukibadilisha au kumpa mwingine. Hilo sikulikuta kwa uwazi huo kwingine, na fundi wa vinyago vya Kimakonde ambaye kazi yake imeigwa ataelewa thamani yake.

Tatizo ni mahali pa kukiweka. Viwanja vya mazoezi ni vya bure, ila baada ya saa kadhaa vinakurudishia vitu vyako mkobani. Ardhi yako mwenyewe ni kodi ya kila mwezi, kwa dola.

Kazi yako inabaki wapi?

Swali hili watu huliuliza simu ikishaibiwa. Kwenye Second Life na Roblox kazi iko kwenye seva za kampuni. Simu au kompyuta ikifa, unaingia kwa akaunti yako na kuikuta, mradi nywila unaikumbuka na barua pepe uliyofungulia ni yako, si ya fundi simu aliyekusaidia siku ile. Ardhi ya Second Life usipoilipia, majengo yanarudishwa mkobani, na kuyapanga upya ni shughuli.

Kwenye Minecraft ya simu na Luanti dunia iko ndani ya kifaa chako. Ukifuta programu ili upate nafasi ya picha za harusi, dunia inaweza kuondoka nayo. Minecraft Bedrock inakuruhusu kuitoa dunia kama faili moja, unalituma kwa mwenzako au kwenye barua pepe yako. Luanti ina folda iitwayo worlds. Kwenye kompyuta unainakili kwa flashi kama folda nyingine yoyote, kwenye Android inabidi upitie kwa kidhibiti faili au waya wa kompyuta. Fanya hivyo kila mwisho wa wiki, na mpe nakala mmoja wa wale mnaojenga pamoja.